Mtu wa Kilo 60 na Jina Lake

(Mazungumzo haya, kuhusu mnyanyua chuma mmoja, niliyatoa Jumamosi alasiri hapa Majengo, Mombasa, mbele ya vijana wa jimu yetu na wazazi wao. Waliokosa nafasi wameniomba niyaandike. Nimeyaacha yalivyotoka mdomoni, isipokuwa pale niliposimama kunywa maji.)

Assalaam aleikum wazee wangu. Kina mama, hamjambo? Vijana, mambo?

Najua mna swali. Mmefika mlangoni mmekuta magunia mawili ya mahindi na pakiti tano za unga zimepangwa juu ya mkeka, na kuna bwana mmoja, simtaji, ameuliza kama leo kuna msaada wa chakula. Hakuna. Mahindi ni ya watu, nimeyaazima sokoni Kongowea na jioni yarudi. Yawekeni akilini tu, tutayafikia.

Nianze na viazi. Mwaka 1988 nilikuwa na miaka kumi na mitano. Mamangu alinituma Mwembe Tayari nimnunulie viazi vya karai, na yule mama wa viazi akanifungia kwa ukurasa wa gazeti la kizungu, yale yenye karatasi ya kung'ara. Nikafika nyumbani, tukala, ukwaju ukamwagika, na nilipotaka kuitupa ile karatasi nikaona mtu. Mfupi. Mfupi kweli kweli. Amesimama na chuma juu ya kichwa, vyuma vimepangana huku na huku kama sahani, na kinywa kiko wazi kama anayeita mtu ng'ambo ya Likoni. Jina lake lilikuwa chini ya picha, lakini mafuta yalishaingia. Nilichoweza kusoma ni neno moja: Naim.

Naim! Sasa niambieni, hapa ndani kuna kina Naim wangapi? Naona mikono mitatu. Mnaona? Mimi nikajiuliza, huyu ni wa wapi? Ni wa Lamu? Ni wa Mji wa Kale? Maana Naim ni jina letu, ni neema, ni ile Jannatun Naim tunayoombeana kila maiti wetu akizikwa.

Nikampelekea babangu ile picha. Babangu alikuwa hamali bandarini Kilindini, mgongo wake ulishakuwa kama ubao. Akaitazama, akainuka, akaipeleka dirishani penye mwanga, akaitazama tena. Kisha akasema, "Huyu hajui kubeba. Mzigo huwekwa mgongoni." Akanirudishia karatasi yangu, akaenda zake kuswali.

Miaka mingi imepita, na leo nataka kumjibu babangu, Mungu amrehemu. Yule mtu alijua kubeba, baba.

Alizaliwa tarehe 23 Januari 1967 katika kijiji cha Ptichar, kusini mwa Bulgaria. Babake mchimba migodi, mamake kibarua wa kilimo. Ni Waturuki, kwa sababu huko Bulgaria kuna Waturuki waliokaa tangu enzi za dola ya Uthmaniya, mamia ya maelfu ya watu, wana misikiti yao, lugha yao na majina yao. Mtoto akakua, lakini hakurefuka. Alipokuwa mtu mzima alikuwa na sentimita 147. Hebu simama, mwanangu, wewe wa fulana ya kijani. Darasa la ngapi? La sita. Haya, mnamwona? Ni kimo hicho hicho. Keti, ahsante.

Alianza chuma akiwa mtoto wa umri huu, na kabla hajafikisha miaka kumi na saba jina lake lilikuwa limeshaandikwa kwenye rekodi za dunia za watu wazima. Akawa mtu wa pili katika historia kuinua mara tatu ya uzito wake mwenyewe. Kocha wa timu ya Bulgaria, Ivan Abadjiev, alikuwa na mafunzo ya kutisha: kila siku unainua karibu na mwisho wa uwezo wako, asubuhi, mchana, jioni. Vijana wangu, msithubutu kumwiga. Waliovunjika hatuwasikii, twasikia waliopona.

Mwaka 1984 alikuwa na miaka kumi na saba na hakuna aliyemkaribia. Olimpiki ikawa Los Angeles. Bulgaria ikafuata Urusi, ikasusia. Wazee wangu, uchungu huu twaujua au hatuujui? Twaujua! Wakimbiaji wetu walikaa nyumbani 1976, wakakaa nyumbani tena 1980, na kuna waliozeeka wakingoja. Kwa hiyo msinidanganye kwamba michezo haina siasa. Mchezaji ndiye asiyekuwa na siasa. Siasa yenyewe inaye.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, na hapa naomba simu ziwekwe chini.

Mwishoni mwa 1984 na mwanzo wa 1985, serikali ya Bulgaria iliamua kwamba nchini mwake hakuna Waturuki. Hawakufukuzwa. Hawakuuawa wote, ingawa wako waliouawa. Walibadilishwa majina. Askari wanazingira kijiji, watu wanapangwa foleni, na kila mmoja anatoka na karatasi mpya yenye jina la Kibulgaria. Mzee wa miaka sabini aliyeitwa Ahmed tangu akikatwa kitovu anaambiwa wewe si Ahmed. Kusema Kituruki hadharani kukapigwa marufuku. Hata wafu hawakusalimika, majina yakafutwa kwenye makaburi.

Na yule kijana mwenye rekodi za dunia, fahari ya nchi? Yeye naye. Aliyekuwa Naim Suleimanov akawa Naum Shalamanov.

Naum Shalamanov. Litamkeni. Haliingii mdomoni, eti? Sasa fikirini unasimama jukwaani, umeinua chuma ambacho hakuna binadamu wa uzito wako aliyewahi kukiinua, na mtu wa kipaza sauti anamtangaza mtu mwingine. Watu wanampigia makofi nani?

Kuna kijana wetu wa jimu, yumo humu, ananikodolea macho nisimtaje. Karani wa ofisi fulani aliliandika vibaya jina la babake kwenye kitambulisho. Herufi mbili tu. Tukadhani ni kazi ya wiki mbili. Ikawa mwaka mmoja na miezi minne. Nenda leo, njoo kesho, leta cheti cha babu, leta shahidi mwenye mvi. Safari ya mashindano ikaja, wenzake wakapanda basi, yeye akabaki hapa akifagia jimu. Nilimkuta ameketi juu ya benchi, nikamwambia pole. Akaniambia, "Kocha, si safari inayoniuma. Ni kwamba kila nikiitwa pale ofisini, naitikia jina la mtu mwingine."

Herufi mbili, jamaa! Na yule karani alipitiwa tu, hakuwa na ubaya. Kule Bulgaria watu walikaa mezani wakaamua. Na hapa pwani msiseme mambo haya ni ya mbali. Wamakonde walitembea kwa miguu kutoka Kwale hadi Nairobi mwaka 2016 kutafuta kuitwa Wakenya, na Wapemba walingoja mpaka 2023. Kutambuliwa jina lako ni mzigo, na kuna watu wanazeeka chini yake.

Basi Naim akafanyaje? Hakusema neno. Akaendelea kuinua chuma kwa jina lisilo lake, akingoja. Desemba 1986 timu ikaenda Melbourne, Australia, mashindano ya Kombe la Dunia. Yakaisha, ikaandaliwa karamu, na katikati ya karamu bingwa akatoweka. Waturuki wanaoishi kule wakamficha siku kadhaa, kisha akaenda kwa wawakilishi wa Uturuki kuomba hifadhi. Waziri mkuu wa Uturuki, Turgut Özal, akatuma ndege yake mwenyewe impokee London. Alipotua Ankara akainama akabusu ardhi. Na jina? Akalichukua lake, akalitia Kituruki safi: Süleymanoğlu. Mwajua maana yake? Mwana wa Suleiman. Kwa lugha yetu, hapa Majengo, tungemwita Naim bin Suleiman.

Mama mmoja hapa mbele ananiuliza, na wazazi wake? Ahsante bi mkubwa, mama huuliza la maana. Walibaki Bulgaria. Mtoto wa miaka kumi na tisa amewaacha nyuma hajui watafanywa nini. Hilo nalo alilibeba.

Kulikuwa na kikwazo kingine. Sheria ilisema mchezaji akihama nchi angoje miaka mitatu, ila kama ile nchi aliyotoka imeridhia. Bulgaria ikaridhia, kwa bei. Uturuki ikatoa dola zaidi ya milioni moja. Mimi ni mtoto wa hamali, nimezoea kusikia mzigo una bei na mchukuzi ana bei, lakini hii sijapata kuisikia tena: nchi kumnunua mtu ili aitwe jina lake.

Ikaja Seoul, Septemba 1988. Sisi Wakenya Seoul twaikumbuka kwa Wangila na ngumi zake, kwa mbio za Ereng, Rono, Kariuki na Ngugi. Dhahabu tano! Redio ilikuwa haizimwi. Hakuna aliyetuambia kwamba katika ukumbi mwingine, mji huo huo, kulikuwa na jambo jingine.

Niwaeleze kwanza mchezo wenyewe, nami nitajaribu kutowachosha. Kuna minyanyuo miwili. Wa kwanza, chuma kinatoka chini hadi juu ya kichwa kwa mkupuo mmoja, bila kituo. Wa pili una vituo: unakileta mabegani, unasimama nacho, unavuta pumzi, ndipo unakisukuma juu. Kila mnyanyuo una nafasi tatu. Sasa siri ni hii, na ndiyo ambayo babangu hakuiona kwenye ile karatasi. Hakuna mtu anayeweza kukisukuma chuma kile kwa mikono mpaka juu. Hayupo. Unakivuta kwa miguu na nyonga mpaka kinapoteza uzito kwa nukta moja, kama embe lililorushwa linapofika juu kabla ya kuanza kushuka. Katika nukta hiyo unajitupa wewe chini yake. Mtu anakwenda chini, chuma kinabaki pale pale. Ukifika unakikuta kinakungoja, unainuka nacho. Kwa hiyo mtu mfupi ana faida, safari yake ni fupi.

Na mikono? Vijana, onyesheni mikono yenu. Dole gumba linalala juu ya chuma, kisha vidole viwili vinalifunga kwa juu. Dole liko ndani, limefungiwa. Linauma, usiniulize. Wiki ya kwanza mtu hashiki hata kijiko cha chai. Chaki nyeupe kwenye kiganja, sugu nne chini ya vidole, na sugu ikipasuka jukwaani unaendelea, damu inakauka yenyewe.

Haya. Naim, kundi la watu wa kilo 60. Mnyanyuo wa kwanza akaanza na 145. Akaenda 150.5. Akaenda 152.5. Zote tatu safi. Mnyanyuo wa pili, 175, safi. Halafu 188.5, safi. Halafu akaomba kilo 190.

Kilo 190 ni nini? Ndiyo yale magunia mlangoni! Gunia la mahindi ni kilo 90. Mawili ni 180. Pakiti tano za unga wa kilo mbili, kumi. Mtu wa kimo cha yule mtoto wa darasa la sita, mwenye uzito wa mfuko mmoja wa simiti na kidogo juu yake, aliinama, akafunga dole lake gumba, akayainua yale yote mpaka juu ya kichwa, mikono imenyooka, akasimama tuli mpaka waamuzi wakaridhika. Zaidi ya mara tatu ya mwili wake.

Nafasi sita, zote sita zimefaulu. Jumla 342.5. Wa pili alikuwa Stefan Topurov wa Bulgaria, mwenzake wa zamani, na si mtu wa kubezwa, maana ndiye wa kwanza duniani kuinua mara tatu ya uzito wake. Topurov alipata 312.5. Kilo thelathini nyuma! Bingwa wa kundi la juu yake, watu wa kilo 67.5, alichukua dhahabu kwa 340. Yaani Naim angepanda kwa wakubwa zake angewachapa na wao.

Na kipaza sauti kikasema Süleymanoğlu.

Baada ya Seoul Bulgaria iliwaachilia wazazi wake na ndugu zake wakamfuata. Bi mkubwa, hilo ndilo jibu lako. Na kiangazi cha 1989 mpaka ukafunguliwa, Waturuki zaidi ya laki tatu wakavuka kuingia Uturuki na mabunda yao. Sisemi ni chuma chake kilichofungua mpaka. Ila dunia nzima ilikuwa imeshajua habari ya majina, na aliyeisababisha ijue ni yeye, kwa sababu kila mwandishi aliyemuuliza habari za kilo alimjibu habari za kwao.

Barcelona 1992 alishinda tena, wala sina la kusimulia, ilikuwa kama mtu mzima kucheza na watoto. Nawapeleka Atlanta, 1996.

Atlanta alikuwa na miaka ishirini na tisa, kundi la kilo 64, na safari hii amepata mtu. Valerios Leonidis, wa Ugiriki. Mgiriki na Mturuki! Mwajua mambo yao? Ni kama kuweka mashabiki wa timu mbili za mtaa wa Magongo na kuwafungia mlango. Upande mmoja bendera za buluu, upande wa pili bendera nyekundu, na kelele zinazofanya taa zitetemeke. Mnyanyuo wa kwanza Naim akatangulia, 147.5 kwa 145. Ukaja wa pili. Naim akainua 185, rekodi ya dunia. Leonidis akaja akainua 187.5, rekodi imevunjwa papo hapo. Naim akarudi, akainua 187.5 hiyo hiyo. Sasa Mgiriki hana ujanja, akaomba kilo 190. Chuma kikamshinda. Naim 335, Leonidis 332.5. Tofauti kilo mbili na nusu, yaani pakiti moja ya unga na kibaba.

Naim akawa mnyanyua chuma wa kwanza kupata dhahabu tatu za Olimpiki. Wale wawili wakakumbatiana, na urafiki wao ukadumu kuliko bendera zilizokuwa zikipeperushwa pale.

Mbona mwaniona nimepunguza sauti? Kwa sababu hapa ningependa kunyamaza, lakini vijana wangenishtaki kwamba nimewapa nusu. Alirudi Sydney mwaka 2000. Alikuwa ameshaacha, akarudi. Akaomba kuanzia kilo 145. Mara ya kwanza ikamshinda. Ya pili ikamshinda. Ya tatu ikamshinda. Akatoka bila hata alama moja. Wapo wanaosema ilikuwa kiburi. Mimi nasema ni njaa, na mwenye kushiba hawezi kuielewa. Alijaribu siasa, akagombea, akashindwa. Aliweza kilo 190 asiweze kura! Na sigara alikuwa nayo tangu zamani. Mwili ukachoka. Ini likaharibika, akapandikizwa jingine Oktoba 2017, na tarehe 18 Novemba akafariki Istanbul. Miaka hamsini tu. Mimi sasa nimempita umri, na kila nikilikumbuka hilo huona haya kidogo.

Leonidis alikwenda mazikoni. Mgiriki, mbele ya jeneza lililofunikwa bendera ya Uturuki.

Swali la nyuma kule nimelisikia, wasichana je? Nilitaka mtu aulize. Wanawake wameingia chuma cha Olimpiki tangu 2000. Na tangu 2011 sheria ya kimataifa inaruhusu mwili wote kusitiriwa, baada ya dada mmoja Mwislamu wa Marekani, Kulsoom Abdullah, kulidai jambo hilo. Rio 2016, msichana wa Misri wa miaka kumi na minane, Sara Ahmed, alipanda jukwaani na hijabu yake, akainua jumla ya kilo 255, akashuka na shaba. Kwa hiyo baba wa mtu asiniambie ni mavazi. Kama ni jambo jingine, tukae tuzungumze. Jumanne na Alhamisi alasiri jimu ni ya wasichana peke yao, na mwalimu wao ni mwanamke.

Nimalizie la kijana wetu. Kitambulisho chake kimetoka. Wiki iliyopita. Alikuja nacho jimu, hakusema kitu, akakiweka juu ya ubao tunapoandika nani ameinua ngapi. Sote tukakisoma, jina lake, la babake, la babu yake, herufi zote mahali pake. Kisha akapaka chaki akaanza kazi. Alikuwa na kilo 70 kwenye chuma, nikamwambia ongeza. Akaongeza mbili na nusu.

Haya, nimesema sana na magharibi inakaribia. Mahindi lazima yafike Kongowea kabla hawajafunga, mwenyewe ameshanipigia simu mara mbili. Lakini zimebaki dakika ishirini. Anayetaka apite mlangoni ajaribu. Sisemi kuinua, nasema kuyasogeza tu kutoka kwenye mkeka. Mzee wangu, hata wewe, karibu. Pinda magoti, mgongo uwe sawa. Na wewe wa fulana ya kijani, njoo uwe wa kwanza.